Ruzuku, Ada na Shule za Watu Binafsi: Nani Analipa, Nani Anaamua?

Ndugu makada, kuna swali ambalo limekuwa likirudi mara kwa mara katika madarasa yetu ya siasa, hasa kwa vijana wanaotoka matawi ya Kariakoo, Gerezani, Jangwani na Mchafukoge. Wanauliza: ikiwa ni wajibu wa Halmashauri kumsomesha mtoto, na shule za umma za katikati ya Jiji zimejaa hadi wengine wanaandikia magotini, kwa nini fedha zilizotengwa kwa ajili ya mtoto huyo zisimfuate hadi shule ya mtu binafsi iliyo jirani? Mzazi apewe haki ya kuchagua, Halmashauri ilipe ada, na msongamano upungue.

Swali hili si la kipumbavu, na anayeuliza si lazima awe kibaraka wa mabwanyenye. Mara nyingi ni mama lishe wa Mtaa wa Msimbazi mwenye mtoto mmoja darasa la tatu ambaye hajui kusoma. Kwa hiyo hatuna budi kulijibu kwa hoja, maana kada anayejibu swali la namna hii kwa kaulimbiu peke yake atakuwa amemkabidhi mama huyo kwa wafanyabiashara wa elimu.

Tuanze na kueleza jambo lenyewe lilivyo huko linakofanyika. Mwaka 1991 jimbo la Minnesota nchini Marekani lilitunga sheria ya kwanza ya shule ambazo sisi tutaziita shule za mkataba. Ni shule zinazolipiwa kwa kodi, mtoto hatozwi ada mlangoni, lakini zinaendeshwa na bodi au kampuni iliyopewa mkataba. Shule ya kwanza ya aina hiyo ilifunguliwa mjini Saint Paul mwaka 1992. Majimbo mengine yakafuata, na Pennsylvania ikatunga sheria yake mwaka 1997. Hili la Pennsylvania linatufaa zaidi kwa sababu huko mlipaji ni mamlaka ya elimu ya wilaya anakokaa mtoto. Kiasi cha kulipa hukokotolewa kutokana na matumizi ya wilaya hiyo yenyewe kwa kila mwanafunzi. Mtoto akihama, hati ya madai humfuata. Wilaya hulipa ada yake kwa shule ambayo haikuijenga, haiisimamii kila siku, na walimu wake haikuwaajiri.

Msomaji wa Dar es Salaam asidhani kwamba hiyo ni hadithi ya mbali. Jambo hili tulikuwa nalo hapa hapa kwa zaidi ya miaka arobaini, na jina lake lilikuwa ruzuku.

Baada ya mkutano wa elimu wa mwaka 1925, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliamua kuzisaidia kwa fedha shule za misheni zilizofikia kiwango ilichokitaka. Ilikuwa nafuu kwa mkoloni. Badala ya kujenga shule, akawalipa wenye shule, na wenye shule wakaendelea kuamua nani aingie, nani afundishe na nini kifundishwe. Utaratibu huo ulisimama juu ya msingi wa rangi: shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika, kila moja na fungu lake, na fungu la mtoto mmoja wa Kizungu likiwa kubwa mara nyingi kuliko la mtoto wa Kiafrika.

Tukitazama mjini Dar es Salaam tunauona utaratibu huo kwa macho. Upande wa bahari na Upanga zilikuwako shule za jumuiya na madhehebu yenye fedha. Kariakoo, mtaa wa wapagazi na makuli uliopata jina lake kwa Kikosi cha Wachukuzi cha Vita Kuu ya Kwanza, watu walijichangisha. Jumuiya ya Al-Jamiatul Islamiyya, iliyoanzishwa mwaka 1933 na ambayo Kleist Sykes alikuwa mmoja wa viongozi wake, ilijenga shule kwa michango ya Waislamu wa mtaa ule. Hapo ndipo tunapoona kasoro ya kwanza ya ruzuku, kasoro ambayo mpaka leo watetezi wake huwa hawaitaji: ruzuku humfuata aliyekwisha kuwa na shule. Asiyekuwa na majengo, asiyekuwa na walimu wenye vyeti, asiyekuwa na mfadhili ng'ambo, hana cha kusaidiwa. Fedha za umma zikawa zinakwenda pale ambapo tayari pana kitu, na pengo la elimu baina ya mikoa, baina ya dini na baina ya makabila likapanuka kwa fedha za kodi ya watu wote, na mwenye kibanda cha udongo Kariakoo alikuwamo katika walipa kodi hao.

Uhuru ulipopatikana, utengano wa rangi katika shule ulifutwa kisheria kuanzia mwaka 1962, na ada za sekondari zikaondolewa mwaka 1964. Lakini shule zilizopewa ruzuku ziliendelea kuwa chini ya wenyewe. Serikali ililipa mishahara ya walimu, ikalipa gharama za kuendesha, na bado mwenye shule alikuwa na sauti juu ya mtoto wa kumpokea. Baada ya Azimio la Arusha na maandishi ya Elimu ya Kujitegemea, yote ya mwaka 1967, hali hiyo haikuweza kuendelea. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule zilizokuwa zikisaidiwa chini ya umma. Mtakatifu Fransisko Pugu, alikofundisha Mwalimu Nyerere kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955, ikawa shule ya umma. Shule ya Mtakatifu Yosefu iliyo jirani na kanisa kuu ikaitwa Forodhani. Shule ya wavulana ya Aga Khan ikawa Tambaza.

Wapo wanaosema hadi leo kwamba hatua ile ilikuwa uporaji. Sisi tunaona kwamba mantiki yake ilikuwa nyepesi sana: anayelipa mishahara, anayelipa chaki na anayelipa chakula ndiye anayepaswa kuulizwa mtoto gani apewe nafasi. Sheria haikuzigusa shule zilizokuwa zikijilipia zenyewe, na seminari ziliachwa. Zilizochukuliwa ni zile ambazo kwa hesabu za fedha zilikuwa zimekwisha kuwa za umma, ila kwa maamuzi tu zilikuwa za watu wengine. Ni kweli pia, na kada mkweli hafichi, kwamba baadhi ya shule zilidhoofika baada ya kuchukuliwa, kwa sababu umma ulichukua majengo bila kuchukua ule uangalizi wa karibu wa vyoo, vitabu na nidhamu ambao wenyewe walikuwa nao. Forodhani baadaye ilirudishwa kwa Kanisa. Jambo hilo linatufundisha kuhusu usimamizi. Halitufundishi kwamba ruzuku ya zamani ilikuwa ya haki.

Yaliyofuata tunayajua, tutayapitia haraka. Ada za msingi zilifutwa mwaka 1973, Azimio la Musoma la 1974 likaagiza elimu ya msingi kwa wote, kisha uchumi ukayumba na michango ikarudi: mwaka 1984 katika shule za msingi, na mwaka 1985 katika sekondari. Kwa kuwa sekondari za serikali zilikuwa chache mno, wazazi walijenga za kwao, zikiwamo za Jumuiya ya Wazazi, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 sekondari binafsi zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikaufungua mlango zaidi. Mwaka 2001 ada ya shule ya msingi ilifutwa tena, na chini ya mpango wa MMEM wanafunzi wa msingi wakaongezeka kutoka milioni 4.8 mwaka huo hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Kisha zikaja sekondari za kata: mwaka 2005 sekondari za serikali zilikuwa 1,202, na mwaka 2010 zilikuwa 3,397. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikapandishwa hadi kidato cha sita.

Sasa tuingie kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo mjadala unapopotea. Katika utaratibu uliowekwa mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji ya mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo 4,000 ni za vitabu na hubaki juu. 6,000 hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, yaani shilingi 500 kwa mwezi. Kwa sekondari ruzuku ni 25,000, na juu yake ipo fidia ya ada: shilingi 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni, ile ile ada ambayo mzazi alikuwa akilipa kabla ya kufutwa. Kwa hiyo basi, ukisikia mtu anasema fedha zimfuate mtoto hadi shule binafsi, kwanza muulize ni fedha gani. Kama ni zile shilingi 500 za mwezi, hakuna mwenye shule hata mmoja Dar es Salaam atakayeinama kuziokota. Fedha anazozitazama ni zile kubwa ambazo hazitajwi katika mabango, yaani mshahara wa mwalimu unaolipwa na Hazina, na jengo lililokwisha kujengwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shule ya umma ina watoto 1,000 katika madarasa saba. Hupokea shilingi 500,000 kwa mwezi za uendeshaji. Watoto 100 wakihamia shule binafsi, kumi na wanne hivi kutoka kila darasa, shule itapungukiwa shilingi 50,000. Lakini hakuna darasa litakalofungwa. Ankara ya maji haipungui kwa sehemu ya kumi, mlinzi hapunguzwi mkono mmoja, paa linalovuja haliangalii idadi ya watoto walio chini yake. Mwalimu atafurahi, na haki yake kufurahi, kwa kuwa darasa la watoto mia na arobaini limebaki na mia na ishirini na sita. Hata hivyo ikiwa na mishahara nayo itafuata watoto, itabidi walimu wawili watatu waondolewe, na waliobaki watafundisha madarasa makubwa kuliko ya mwanzo. Gharama za shule hazikatwi vipande kama kitambaa cha doti cha Mtaa wa Uhuru. Pennsylvania wamelijua hilo kwa uchungu: wilaya hulipa ada ya aliyeondoka na bado hugharimia jengo la waliobaki.

Pili, ni watoto gani wataondoka? Shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza hutoza ada ya mamilioni. Serikali ikitoa sehemu ya ada hiyo, anayeweza kuongeza iliyobaki ni yule ambaye tayari alikuwa karibu kuweza. Mchukuzi wa Shimoni hawezi. Matokeo yake, kodi ya mchukuzi itakuwa imempunguzia ada mwenye duka. Haya si makisio ya ukumbini. Chile ilianza kuwapa watoto fedha za kuwafuata hadi shule binafsi mwaka 1981, chini ya utawala wa kijeshi. Kuanzia mwaka 1993 ikaruhusu shule hizo kutoza na wazazi juu ya ruzuku, na watoto wakajitenga kwa matabaka kiasi kwamba wanafunzi wenyewe waliandamana barabarani mwaka 2006 na mwaka 2011. Sheria ya mwaka 2015 ikaanza kuondoa utozaji huo na kukataza shule kuchagua watoto.

Jirani zetu Uganda nao wamepita njia hiyo. Mwaka 2007, walipoanza elimu ya sekondari kwa wote, tarafa nyingi hazikuwa na shule ya serikali. Serikali ikaingia mkataba na shule binafsi na kuzilipa shilingi 47,000 za Uganda kwa kila mwanafunzi kwa muhula. Tuseme haki: watoto wengi waliopata dawati kwa mpango huo wasingepata vinginevyo. Lakini fedha zilichelewa, shule zikaanza kubuni michango yake kwa mzazi, na kuanzia mwaka 2018 serikali iliamua kuachana na mpango huo na kuelekeza nguvu katika shule zake. Tofauti ya Uganda na Chile ni muhimu kwa kada kuielewa. Uganda ililipia nafasi mahali ambapo umma haukuwa na nafasi. Chile ililipia watu kuihama nafasi ya umma iliyokuwapo.

Yuko ndugu mwingine wa kujibiwa, naye ni mfanyabiashara. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa siku tatu wakilalamikia utaratibu wa kodi, hadi Waziri Mkuu alipokwenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Juni 2024 wakafunga tena. Nje ya madai yao ya kodi, katika mazungumzo ya kawaida ya baraza na kahawa, utasikia hoja hii: mimi nalipa kodi, na mwanangu namlipia mwenyewe shule binafsi, kwa hiyo nalipa mara mbili, nirudishiwe sehemu yangu. Hoja ina sura nzuri. Lakini kodi si stakabadhi ya kununua bidhaa kwamba usipochukua mzigo urudishiwe fedha. Asiye na mtoto hulipa. Mchukuzi anayenunua sabuni hulipa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 kwa kiwango kile kile anacholipa mwenye ghorofa. Na mwenye duka ananufaika na shule asiyompeleka mwanawe: karani wake, dereva wake na kijana anayempigia hesabu za stoo walifundishwa kusoma na umma. Pale anapouliza kama kodi yake imefika darasani, hapo ana haki kamili, na kada anapaswa kusimama upande wake.

Tusijidanganye kwamba ubaguzi wa mlangoni unatokana na shule binafsi tu. Humu humu katikati ya Jiji zipo shule za umma za mchepuo wa Kiingereza, kama Olympio na Diamond kule Upanga, ambako ardhi ni ya umma, walimu ni wa umma, na wazazi hutozwa. Mtoto wa kabwela anapita nje ya uzio wake akielekea Kariakoo. Anayepinga fedha za umma kulipa ada za binafsi aanze kwa kueleza kwa nini jengo la umma lina bei ya kuingilia. Sisi tunaona swali hilo halijajibiwa vya kutosha, na wakubwa wenye watoto humo si watu wa kuliharakisha.

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote, nalo limo Kariakoo yenyewe. Shule ya Uhuru Mchanganyiko huwapokea watoto wenye ulemavu pamoja na wasio na ulemavu. Mtoto asiyeona anahitaji mashine ya nukta nundu, karatasi nzito ambazo ni ghali kuliko za kawaida, na mwalimu aliyesomea kazi hiyo akiwa na watoto wachache. Ukimkadiria kila mtoto kwa kichwa, mtoto huyu ni hasara kwa mwenye shule. Pennsylvania waliweka kiwango cha juu zaidi kwa watoto wenye mahitaji maalumu, lakini kikawa cha wastani: mwenye tatizo dogo la matamshi analipiwa sawa na asiyeweza kutembea wala kusema. Lawama iliyofuata huko ni kwamba inalipa kuandikisha wale wa tatizo dogo na kuwaachia wilaya wale wengine. Shule ya umma haina wa kumwachia.

Je, Halmashauri isitoe kamwe hata senti kwa shule isiyo yake? Hatusemi hivyo. Katika afya, serikali imefanya kazi na hospitali za madhehebu kama hospitali teule za wilaya pale ambapo haikuwa na ya kwake. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, huwalipia ada wanafunzi walio katika vyuo vikuu binafsi, ingawa ule ni mkopo wa kurudishwa. Kituo cha watoto viziwi, au cha watoto wenye usonji, ambacho Jiji halina cha namna yake, kinaweza kulipiwa. Lakini iwe kwa masharti yanayoandikwa kabla ya fedha kutoka: mtoto aletwe na ofisi ya elimu, asichaguliwe na mwenye kituo, mzazi asitozwe senti nyingine, hesabu zikaguliwe na mkaguzi yule yule anayekagua shule za umma, na kifaa kilichonunuliwa kwa fedha hizo kibaki mali ya Jiji mkataba unapokwisha. Mwenye kituo akikataa moja ya hayo, aendelee na biashara yake kwa fedha zake.

Kwa makada wa matawi ya katikati ya Jiji, kazi iko karibu zaidi kuliko Chile. Ruzuku hufika kwenye akaunti ya shule kila mwezi, na mapato na matumizi yake yanapaswa kubandikwa ubaoni mahali ambapo mzazi anasoma. Mjumbe wa kamati ya shule aende akasome. Kiasi kilichofika akigawe kwa idadi ya watoto, aone kama kila mmoja amepata 500 zake, kisha akamwulize diwani wake, kabla bajeti ya Jiji haijapitishwa, ni kiasi gani cha mapato ya ndani kilichotengwa mwaka huu kwa madarasa ya Kariakoo, ambako ardhi imekwisha na darasa jipya haliwezi kujengwa ila kwa kwenda juu, na ni kiasi gani kwa karatasi za nukta nundu.